Anayemdai Marehemu

Aliyeshika maiki alikuwa mjomba wa marehemu. Alivaa koti la suti lililombana mabega, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne, na alipofika sehemu ya kueleza kifo akasita. Wote tuliokaa chini ya maturubai tulijua sehemu hiyo inakuja. Huku kwetu mtu hazikwi hivi hivi. Lazima ielezwe alianza kuumwa lini, alipelekwa hospitali gani, daktari alisema nini, alikata roho saa ngapi na nani alikuwa karibu naye. Waliokuja kuzika wana haki ya kusikia.

Mjomba akaitazama karatasi yake kwa muda. Kisha akasema: "Mtoto wetu alipata ajali ya kawaida ya barabarani. Ajali haina kinga. Bwana ametoa, Bwana ametwaa."

Akageuza karatasi, akaingia kwenye shukrani.

Umati ulikuwa wa kila aina: Wajapadhola, Wateso, Wasamia, madereva wa matrela waliokwama kwenye foleni ya Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, wanajeshi kadhaa, wafanyabiashara kutoka Busia ya pande zote mbili. Ndiyo maana maneno yote yalisemwa kwa Kiswahili. Na wengi wetu tulikuwa na ile video kwenye simu. Ni yeye mwenyewe, usiku wake wa mwisho, jukwaani, shati limelowa jasho, maiki mkono wa kulia na chupa mkono wa kushoto, anawaambia mashabiki kwamba usiku bado mchanga. Wanamshangilia. Anapiga funda refu, wanamshangilia zaidi.

Pale kilioni hakuna aliyeguna.

Halafu mjomba akafika kwenye madeni, kama ilivyo desturi. "Anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, amwone mzee wa ukoo. Msiwasumbue watoto."

Maneno hayo ndiyo yaliyonikaa kichwani wiki zote hizi. Mchana ule ule, ng'ambo ya kinamasi, watu wengine walikuwa wanamzika kijana wa bodaboda ambaye gari la msanii wetu lilimkuta akiwa upande wake wa barabara.

## Kambi mbili

Jina la msanii sitaliandika. Walio karibu na mpaka wanamjua, na watoto wake bado ni wadogo.

Kabla hata mwili haujatoka mochwari, magrupu ya WhatsApp yalikuwa yamegawanyika. Upande mmoja: "Lala salama legendi." "Mungu amempenda zaidi." "Kama huna zuri la kusema, funga mdomo." Upande wa pili: "Pombe si chai." "Alijitakia." Kuna aliyeandika kwamba afadhali amekwenda yeye, siku moja angemaliza takisi nzima, na ujumbe wake ukapata vidole gumba vingi kuliko sala iliyokuwa juu yake.

Nilisoma yote. Nilisoma nikiwa forodhani nasubiri nyaraka za mizigo, nikasoma tena usiku watoto wamelala.

Kambi ya kwanza naielewa kwa moyo. Yule kijana nilimpenda. Nyimbo zake zilipigwa kwenye arusi ya dada yangu. Alikuwa anaweza kuchanganya Kiteso, Kiswahili na Kiganda ndani ya beti moja na kila mtu akahisi ameimbiwa yeye. Mtu wa namna hiyo akifa, unataka siku mbili tatu za kumlilia bila mtu kukuhesabia chupa alizokunywa.

Kambi ya pili naielewa kwa niliyoyaona. Taarifa ya polisi ya mwaka 2024 ilihesabu watu 5,144 waliokufa kwa ajali za barabarani Uganda nzima. Mwaka 2023 walikuwa 4,806. Sisi tunaoishi kando ya barabara ya Tororo kwenda Malaba tumeziona baadhi ya ajali hizo kwa macho. Tumeshika watu miguu tukiwapandisha nyuma ya pikapu. Ukishafanya hivyo mara moja, "Mungu amempenda zaidi" inakuwia vigumu kuisoma.

Lakini kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba kambi zote mbili zinabishania kitu kimoja, kama marehemu alikuwa mtu mwema au mtu mbaya. Waliomlilia walimtetea, waliomlaumu walimshtaki, na wote macho yao yalikuwa kwake. Kijana wa bodaboda alitajwa kwa nadra, na alipotajwa aliitwa "na mwingine mmoja".

Redio nayo ilisema hivyo hivyo. Msanii fulani amefariki, yeye na mtu mwingine mmoja.

## Pennsylvania, Juni 2011

Kuna kifo cha Marekani ambacho nimekirudia sana siku hizi. Ryan Dunn alikuwa mmoja wa vijana wa kipindi cha televisheni cha Jackass, wale waliokuwa wanajirusha, wanajigonga na kujiumiza mbele ya kamera ili watazamaji wacheke. Usiku wa kuamkia asubuhi ya tarehe 20 Juni 2011, akiwa na miaka 34, gari lake aina ya Porsche liliacha njia huko West Goshen, jimbo la Pennsylvania, likaingia kwenye miti na kuwaka moto. Polisi walikadiria kwamba alikuwa anakwenda kati ya kilomita 212 na 225 kwa saa. Damu yake ilipopimwa, kilevi kilikuwa asilimia 0.196, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha sheria cha 0.08. Saa chache kabla ya hapo alikuwa ameweka mtandaoni picha akiwa na wenzake wanakunywa.

Vipimo havijatoka bado, mhakiki wa filamu Roger Ebert akaandika kwenye Twitter sentensi moja fupi iliyosema kwamba rafiki hamwachi mwenzake aendeshe akiwa amelewa, ila neno alilochagua kumwita huyo mwenzake lilikuwa tusi, kwa kulitumia jina la kile kipindi. Watu wakawaka. Bam Margera, rafiki wa Dunn tangu ujana, alimjibu kwa hasira na uchungu wa mtu aliyetoka kufiwa. Ukurasa wa Ebert kwenye Facebook ukatoweka, kisha ukarudishwa, kampuni ikasema uliondolewa kimakosa.

Ebert hakuwa anasema ya watu asiyoyajua. Yeye mwenyewe aliacha pombe mwaka 1979, na mwaka 2009 aliandika waziwazi kwamba ni mlevi aliyeacha. Baada ya ule mzozo alikubali kwamba aliharakisha kuandika. Hoja yenyewe hakuifuta.

Mwanzoni nilidhani hapo ndipo jibu lilipo. Nilijiambia kwamba Ebert alikuwa na haki kwa alichosema na alikosea saa ya kukisema. Tumwache mtu azikwe, watu walie, halafu tuzungumze. Nikakaa na jibu hilo nikaridhika nalo.

Kisha mazishi ya kwetu yakapita, na nikasubiri hayo mazungumzo.

Hayakuja. Kufikia wiki ya pili grupu lilikuwa limehamia kwenye mpira na bei ya mafuta ya petroli. Picha yake bado ilikuwa kwenye wasifu wa watu, ina mishumaa pembeni, lakini mada ilikuwa imekwisha. Saa ya kusema ilikuwa imepita, na kabla yake tuliambiwa kwamba haijafika. Katikati ya hizo mbili sikuona mwanya.

Na jambo jingine kuhusu kifo kile cha Pennsylvania. Ndani ya Porsche alikuwemo mtu wa pili, kijana wa miaka 30 aliyewahi kutumika vitani Iraq, aliyekuwa amefanya kazi katika mojawapo ya filamu zao. Naye alikufa. Ebert na Margera na maelfu waliowaunga mkono waligombana siku nzima kuhusu Dunn. Yule wa pili alikuwa kwenye aya ya chini ya habari, ile ambayo msomaji huishia kabla hajaifikia.

## Ufunguo kwenye msumari

Nilikwenda kwenye baa alikoimba mara ya mwisho. Nilikwenda mchana, viti vimegeuzwa juu ya meza, na dada wa kaunta alikuwa anasuuza glasi kwenye beseni la bluu. Nyuma yake, kando ya kalenda ya kampuni ya soda, kuna msumari mkubwa umepigwa ukutani. Hapo huning'inizwa funguo za wateja wanaotaka kutunziwa.

"Ufunguo wake niliuweka mimi," akasema kabla sijauliza. "Alifika saa nne, akanipa mwenyewe. Akaniambia, dada nitunzie, leo nalala hapa hapa."

Nikamwomba arudie. Akarudia vile vile. Alikuwa amelipia kabisa chumba cha nyuma.

Saa nane usiku, baada ya shoo, watu wakataka aende nao mahali pengine, kuna sherehe upande wa Tororo. Alikuja kaunta amezungukwa, wote wanaliimba jina lake. Dada akasema ufunguo kesho. Wakacheka. Akasema tena, safari hii kwa sauti. Mmoja wao akaruka kaunta, akautoa ufunguo kwenye msumari, akauinua juu kama mtu aliyeshinda kombe, na baa nzima ikapiga makofi.

"Angekuwa mlevi wa kawaida ningemfokea, angekwenda kulala," dada aliniambia. "Wale wa matrela nawafokea kila siku, wananiogopa. Lakini yule, kaka? Mtu ambaye kila mtu anataka kupiga naye picha? Wangesema mimi ni nani."

Nilimuuliza ni nani aliyeruka kaunta. Akanitajia.

Mtu huyo namfahamu. Nilimwona mazishini. Alikuwa mmoja wa wanaume sita waliobeba jeneza, na alilia mpaka wenzake wakampokea upande wake.

Simchukii. Nimejaribu kumchukia nikashindwa, kwa kuwa niliona machozi yake na najua yalikuwa ya kweli. Alitaka rafiki yake aendelee kufurahi usiku ule. Lakini tangu siku hiyo siwezi tena kusoma maneno ya kambi yoyote kati ya zile mbili, kwa sababu mtu huyu hana nafasi kwenye yoyote. Ukisema "ajali haina kinga", hapakuwa na msumari wala ufunguo wala dada aliyekataa mara mbili. Ukisema "alijitakia", palikuwa na mtu mmoja tu na chupa yake, na baa nzima iliyopiga makofi imeshatoka mlangoni.

Sheria ya Uganda inaruhusu miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Kampala wanaijua vizuri kwa sababu ya Kawunyemu, ile operesheni ya trafiki ya usiku ya kuwapuliziza madereva kwenye kipimo. Operesheni ya Fika Salama nayo ilianza mwaka 2016 kwenye barabara ya Masaka, na jina lake tunalipenda huku kwetu maana ni lugha yetu. Ninaziunga mkono zote. Ila askari wa trafiki anamkuta dereva barabarani, baada ya kila aliyemjua kwa jina kumruhusu apite. Na msanii mwenye jina hata askari humwomba picha.

Naamini umaarufu ulimuua kwa namna hii mahususi. Ulimwondolea watu wa kumwambia hapana. Mwenye trela ana dada wa kumfokea. Yeye hakuwa naye, ingawa alijaribu kujitafutia mmoja mapema usiku, akiwa bado na akili zake.

## Eti wamemmaliza

Wiki ya tatu likaja neno jipya: hakufa kwa ajali, amemalizwa. Wengine walisema ni sumu, wengine mpinzani wake, wengine mambo ya mganga wa ng'ambo ya mpaka. Vijana wenye akili zao waliniambia hivyo wakinitazama machoni.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Princess Diana alikufa Paris tarehe 31 Agosti 1997, na mpaka leo hapa Malaba utapata wazee wanaokuapia kwamba aliuawa na watu wa ikulu. Mwaka 2008 jopo la raia London lilisikiliza ushahidi kwa miezi, likaamua kwamba kifo kilitokana na uzembe mkubwa wa dereva, Henri Paul, na wa magari yaliyokuwa yanawafuata. Damu ya Paul ilikuwa na kilevi zaidi ya mara tatu ya kiwango cha Ufaransa, na uamuzi ukataja pia kwamba Diana hakuwa amefunga mkanda. Watu waliumia naye mno kiasi kwamba sababu ndogo kama hiyo ilikuwa tusi kwao. Mtu mkubwa adai kifo kikubwa.

Naelewa. Lakini yule anayesema msanii wetu amemalizwa, hata asipojua, anamwondolea lawama aliyeruka kaunta, na anamwondoa kabisa kijana wa bodaboda. Hakuna mganga aliyemtuma yule kijana kumpeleka mama mjamzito kituo cha afya saa nane usiku na kurudi peke yake.

## Philly

Nimefikiria sana kuhusu mjomba na ile karatasi yake, na kila nikimfikiria namkumbuka Philly Bongoley Lutaaya.

Mwaka 1989 Lutaaya, aliyekuwa anaishi Sweden na ambaye nyimbo zake zilipigwa nchi nzima, alirudi nyumbani akasema hadharani kwamba ana UKIMWI. Hapakuwa na Mganda mwenye jina kubwa aliyewahi kusema hivyo kabla yake. Enzi hizo kilioni kulikuwa na "aliugua muda mrefu", kulikuwa na "amerogwa". Wengi hawakumwamini. Walisema amelipwa, walisema mtu mzima wa afya anatafuta kuuza kanda. Yeye akaendelea kuzunguka mashuleni na makanisani huku mwili unaisha, mpaka alipofariki tarehe 15 Desemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 38.

Mama yangu alizika watu wengi miaka ile. Anasema haikubadilika kwa siku moja, ila taratibu mshika maiki mmoja akathubutu, kisha mwingine, na mwishowe ugonjwa ukawa unatajwa kwa jina lake mbele ya jeneza. Nilimuuliza kama watu walilia kidogo zaidi baada ya kuambiwa ukweli.

"Walilia vile vile," alisema. "Ila waliokuwa hai walikwenda kupima."

Nikajipinga mwenyewe. Lutaaya alijisemea. Alikuwa hai, alichagua, alivumilia matusi yake mwenyewe. Msanii wetu amelala kaburini, na mjomba wake angesema nini bila kumvua nguo mbele ya mama yake mzazi? Pingamizi hilo lilinisimamisha kwa siku nyingi, na bado naliheshimu.

Kisha nikakumbuka saa nne usiku. Alisema mwenyewe. Alimpa dada ufunguo, akalipia chumba, akasema leo nalala hapa hapa. Mtu aliyelewa saa nane usiku alikuwa ndiye huyo huyo aliyejiwekea kinga saa nne. Mjomba angeweza kusimama akasema: mtoto wetu alikuwa amekunywa, na kabla ya kunywa alikabidhi ufunguo wake ili asiendeshe, na sisi tuliompenda tukaurudisha mikononi mwake. Maneno hayo yangemheshimu kuliko "ajali ya kawaida". Yangemwacha akiwa mtu aliyejua hatari na akajaribu kuikwepa.

Ukimya wetu umemnyima hata hilo.

Kuna kitu niliona siku ile ya mazishi ambacho sijakisema kwa mtu. Msafara uliporudi mjini, magari yalikuwa yamewasha taa za hatari, honi zinalia, vijana wamekaa madirishani nusu ya mwili nje, na bia zinapita kutoka gari hadi gari. Tulipita pale pale ilipotokea ajali. Vioo bado vilikuwa kando ya lami.

## Deni

Nilimwendea sheikh wangu nikiwa na swali la kawaida: je, inafaa kusema mabaya ya maiti? Nilijua hadithi ya kukataza kuwatukana wafu, kwa kuwa wameshayafikia waliyoyatanguliza, na nilitarajia ataniambia ninyamaze.

Akaisoma hiyo hadithi. Kisha akanikumbusha nyingine, ya jeneza lililoletwa mbele ya Mtume ili aliswalie. Akauliza kama maiti ana deni. Wakasema analo. Akawaambia wamswalie wao wenyewe, mpaka Abu Qatada aliposema deni hilo ni juu yangu.

"Kumtukana ni jambo moja," sheikh akasema. "Deni ni jambo lingine kabisa. La kwanza hulifanyi. La pili huliachi."

Nikatoka pale nikiwa na mahali pa kusimama kwa mara ya kwanza tangu ajali itokee. Kwani swali hilo tunalo tayari, kwa Waislamu na kwa Wakristo. Mjomba aliliuliza kwa maiki. Yote niliyokuwa nasubiri yasemwe yangeingia humo: nani amepoteza nini, na nani aliyebaki hai anaweza kukibeba.

Basi nikavuka kinamasi.

Nyumba ya mama wa yule kijana ni ya matofali ya kuchoma, mlango mmoja, na nje chini ya mwembe kuna pikipiki. Au kilichokuwa pikipiki. Uma wa mbele umekunjwa mpaka umegusa injini, tangi limefunguka, na kiti kina kitambaa cha maua ambacho mkewe alikishona ili abiria wasichubuke. Kuku walikuwa wametagia chini yake.

Mama alinikaribisha, "Karibu mwanangu," akanipa kigoda. Kaka mkubwa wa marehemu ndiye aliyenieleza. Pikipiki ilikuwa ya mkopo, ilikuwa imebaki chini ya mwaka kumalizika. Kila wiki anapigiwa simu: malipo ya wiki hii yako wapi? Amewaambia waliokopesha kwamba aliyekopa amekufa, pikipiki imekufa. Wamemjibu kwamba yeye ndiye aliyemdhamini. Anauza miwa kwenye kituo cha takisi ili alipie chuma kilicholala chini ya mwembe.

Na gari la msanii? Bima ya thadi pati, ile ya kufidia wengine wanaoumizwa na gari, ni lazima kwa sheria tangu mwaka 1989, kila gari linatakiwa kuwa na stika yake kwenye kioo cha mbele. Kaka aliambiwa stika ya gari lile ilikuwa imekwisha muda wake. Nani angemsimamisha kuiangalia.

"Mlisikia kwamba kilioni waliuliza madeni?" nikamuuliza.

"Tulisikia kwenye spika. Upepo ulikuwa unaelekea huku," akasema. "Lakini na sisi tulikuwa na maiti yetu."

## Jumapili

Mashabiki wanaandaa tamasha la kumkumbuka. Bango limeshatoka, lina picha yake nzuri, ile ya shati jeupe. Naliunga mkono, na nitanunua tiketi. Nimeiandikia kamati kuomba mambo mawili: jina la yule kijana liwekwe kwenye bango pamoja na la msanii, na sehemu ya fedha za mlangoni ilipe mkopo wa pikipiki ukaishe. Wamejibu kwamba ni wazo zuri na kwamba lazima familia ikubali kwanza.

Kwa hiyo nilikwenda kwa mzee wa ukoo, yule yule tuliyeambiwa tumwone. Nilimkuta anachambua maharage. Nilipomaliza kueleza alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Tukilipa, tumekiri kwamba alikuwa amelewa."

Nikamwambia habari ya ufunguo. Hakuwa anaijua. Hakuna aliyemwambia. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika kwamba alilipia chumba, na nikamwambia dada wa kaunta yuko tayari kumweleza mwenyewe.

"Haya," akasema. "Lakini deni halidaiwi na mpita njia. Mwenye deni aje mwenyewe."

Ameipanga Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwake, mjomba naye awepo. Kaka wa yule kijana amekubali kuja na daftari la malipo ya mkopo. Jana jioni akanipigia kusema mama yake naye anataka kuja. Nimempigia mzee kumjulisha kwamba pamoja na dada wa kaunta tutakuwa wanne.